Vikonyo vya kahawa kugeuka njano baada ya kuhamishiwa kwenye viriba

Mkuu uliyeuliza, nimesoma maelezo yako mara mbili na picha nimezikuza. Vikonyo vyako 400 viliota mizizi vizuri kwenye sanduku, ukavihamishia kwenye viriba (mifuko ya plastiki ya kukuzia miche) wiki tano zilizopita, sasa majani mapya yanatoka ya njano. Umemwagia urea mara mbili na hali imezidi. Naomba urea uiweke kando kuanzia leo. Yalinipata hayo hayo na mwaka ule nilipoteza zaidi ya nusu ya miche, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kikonyo si mche wa mbegu. Ni nusu ya kijiti kilichopasuliwa katikati na jani moja lililopunguzwa, basi. Chakula chake cha wiki za mwanzo kimetoka bustani mama, yaani mibuni inayokatwa vikonyo. Mizizi inapotokea ni michache na laini, na haijawa na nguvu ya kuvuta kilicho kwenye udongo. Ukiona njano, usidhani mara moja kwamba udongo hauna kitu. Mara nyingi chakula kipo, mizizi ndiyo inashindwa kukifikia.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, toa miche miwili, mmoja mgonjwa na mmoja wenye nafuu. Pasua kiriba kwa wembe, usivute mche. Kichovye kibonge chote kwenye ndoo ya maji, ukitikise polepole mpaka udongo uanguke wenyewe. Mizizi mizima ni myeupe au rangi ya maziwa kwenye ncha, na ukiukata kwa kucha unakatika kwa mlio. Iliyooza ni ya kahawia, na ukiuvuta mmoja kati ya vidole ngozi inavuka kama soksi, unabaki na kijiuzi chembamba. Nusa pia. Ikinuka kama tope la mfereji, tatizo ni maji yaliyotuama. Hapo ongeza matundu chini ya viriba, punguza kumwagilia, na mbolea usiguse mpaka uone ncha nyeupe mpya.

Mizizi ikiwa mizima, njoo kwenye majani. Swali kubwa ni njano imeanzia wapi. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu mmea unaweza kuzihamisha. Zikipungua, unazinyang'anya kwa jani la zamani na kulipa changa, kwa hiyo la chini ndilo linalougua kwanza. Chuma, kalsiamu na boroni zikishakaa kwenye jani hazihami kirahisi, kwa hiyo upungufu wake unaonekana juu, kwenye majani machanga.

Yako imeanzia juu. Jani ni njano lakini mishipa imebaki kijani, kama wavu uliochorwa kwa kalamu. Huo ni upungufu wa chuma, na sababu umeiandika mwenyewe bila kujua: ulichanganya majivu ndoo nzima kwenye udongo kuzuia mchwa. Majivu yanapunguza uchachu wa udongo. Kahawa inataka udongo wenye uchachu kiasi, pH ya 5 hadi 6 hivi (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu unapungua). Ikipanda sana, chuma kinaganda na mizizi haikioni hata kama kimejaa. Urea nayo inapoyeyuka kwenye udongo wa namna hiyo inatoa amonia inayounguza mizizi michanga, ndiyo maana hali imezidi.

Mimi pia niliweka majivu, huku Machame, Kilimanjaro, kwa ajili ya siafu. Kilichonihakikishia ni jaribio dogo ambalo nakuomba ulifanye. Nunua mbolea ya chuma ya kupulizia majani, koroga kidogo kwa kipimo cha lebo, kisha kwa pamba paka jani moja tu la njano kwenye miche mitano. Funga uzi kwenye kishikio cha jani hilo usije ukalisahau. Mimi siku ya tisa nilikuta jani lililopakwa limerudi kijani, na lililo mkabala nalo, kwenye mche huo huo, bado njano. Jani lisipobadilika ndani ya wiki mbili, tafuta sababu nyingine.

Likibadilika, pulizia yote jioni jua likishapoa, rudia baada ya wiki mbili. Hiyo ni ya kununua muda tu. Dawa yenyewe ni kuhamishia miche kwenye mchanganyiko usio na majivu: udongo wa msituni, samadi iliyooza kabisa na mchanga kidogo. Chuma cha kumwagia kwenye udongo kinataka uangalie lebo. Chenye herufi EDTA kinadhoofika udongo ukipoteza uchachu, chenye EDDHA kinavumilia. Angalia na maji yako. Kama sufuria ya kuchemshia inashika gamba jeupe, maji hayo nayo yanapandisha pH taratibu, na ya mvua yatakufaa zaidi.

Wengine mnaosoma, msichukue chuma kwa kila njano. Jani la chini likipauka lote pamoja na mishipa, hiyo ni naitrojeni. Mara nyingi nimekuta mtu kachanganya maganda ya kahawa mabichi au pumba za mbao, na vijidudu vinavyooza maganda vinakula naitrojeni kabla ya mche. Hapo urea inafaa, lakini kwenye majani: kijiko cha chai cha kufuta kwa lita 2 za maji. Jani la chini likiwa njano katikati ya mishipa ni magnesiamu, na majivu mengi yanaileta pia kwa sababu ya potasiamu yake. Kingo zikikauka kahawia siku chache baada ya kuweka mbolea, umezidisha chumvi. Mwagilia maji mengi yapite chini. Majani yakiwa na wekundu wa zambarau Juni na Julai, huenda ni baridi tu, subiri ipungue kwanza.

Na bustani mama mnaisahau. Aina chotara za TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania) tunazalisha kwa vikonyo kwa sababu mbegu yake haitoi mche unaofanana na mama, kwa hiyo mibuni hiyo inakatwa maotea (machipukizi ya kutengenezea vikonyo) mwaka mzima. Inatoa bila kurudishiwa. Kikonyo cha mbuni wenye njaa kinaingia sandukuni na njaa yake. Siku hizi naweka samadi na NPK bustani mama kabla ya mvua, na maotea yaliyopauka siyakati.

Mkuu, toa hiyo miche miwili leo. Ukishaosha mizizi piga picha karibu, uweke hapa, na useme maji unachota wapi.