Mpe Mwanafunzi Tatizo Likiwa Bichi

Mwalimu yeyote aliyewahi kualikwa kuwa jaji katika maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari anaijua meza ninayotaka kuieleza: bwawa la kufua umeme lililotengenezwa kwa maboksi, volkano inayotoa povu la siki na magadi, na pembeni kijana aliyevaa sare iliyopigwa pasi vizuri, anayeeleza kazi yake kwa ufasaha bila kupumua. Kazi ni safi na kijana ni hodari. Lakini ukimuuliza tatizo analolitatua ni la nani, na amelipimaje, hukutazama kwa mshangao, kwa sababu tangu darasa la kwanza hakuna aliyewahi kumuuliza swali la namna hiyo. Nimefundisha fizikia na hisabati kwa miaka mingi, na nimefikia kuamini kwamba upungufu huu hautokani na vijana kukosa ubunifu. Unatokana na sisi walimu kuwapa matatizo ambayo yamekwisha kuchambuliwa, kukatwakatwa na kupikwa, kisha tukawaomba wapakue tu.

Tazama swali la kawaida la fizikia. Linakuja na takwimu zote zinazohitajika, halina hata moja ya ziada, na lina jibu moja ambalo mwalimu ameliandika tayari katika mwongozo wake. Maswali ya aina hii siyadharau hata kidogo, kwani asiyejua kukokotoa mtiririko wa maji hawezi kubuni chochote kinachohusu maji, na wale wanaohubiri ubunifu bila maarifa ya somo huwapotosha watoto. Hata hivyo mitaala yetu yenyewe inadai zaidi ya hapo. Tanzania ilianza kuelekea mtaala wa kujenga umahiri mwaka 2005, na Kenya ilipoanza kuujaribu shuleni mtaala wake wa umilisi mwaka 2017 iliweka fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi wa msingi. Maneno yapo kwenye karatasi. Kinachokosekana ni mazoea ya darasani, na zoea la kwanza ni kumwacha mwanafunzi alitafute tatizo mwenyewe, alipime, na alieleze kabla hajaruhusiwa kutaja suluhisho lolote.

Mfano ninaoupenda unahusu foleni ya maji ya asubuhi katika shule ya bweni. Ukiwauliza wanafunzi tatizo ni nini, karibu wote watajibu kwamba shule haina tangi la kutosha. Hilo si tatizo. Ni suluhisho lililojificha ndani ya lalamiko, na mwanafunzi akianzia hapo hana pengine pa kwenda isipokuwa kuandika barua ya kuomba mfadhili. Tatizo lenyewe ni kwamba wanafunzi wa bweni wanachelewa kipindi cha kwanza. Likishaandikwa hivyo, mlango wa kupima unafunguka. Tuseme ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 90, mabomba ni mawili, na bweni lina wanafunzi 120. Ndoo 60 kwa kila bomba ni sekunde 5,400, yaani saa moja na nusu, muda ambao hakuna ratiba ya shule inayoweza kuubeba kati ya kengele ya kuamka na kengele ya kuingia darasani. Sasa kundi moja litataka kujua kwa nini bomba linatiririka polepole, na huenda likagundua kwamba koki imeziba kwa mchanga. Kundi jingine litauliza kwa nini watu wote wachote maji asubuhi ilhali usiku tangi limejaa. Kundi la tatu litapendekeza mabweni yapishane zamu. Ikiwa koki iliyosafishwa itajaza ndoo kwa sekunde 50, foleni ile ile itakwisha kwa dakika 50, na hakuna tangi lililonunuliwa. Wapo watakaosema kwamba kusafisha koki si uvumbuzi. Mimi nasema aliyefika hapo kwa kupima amefanya kazi ya kihandisi zaidi ya aliyejenga bwawa la maboksi.

Kwa hiyo kabla ya kundi lolote kugusa gundi au waya, ninalitaka liandike sentensi moja inayoeleza nani anaumia, wakati gani, na kwa kiasi gani, bila kutaja kifaa chochote. Sentensi hiyo inaweza kuchukua vipindi kadhaa, na wanafunzi hulalamika kwamba hatujaanza kazi. Usiwaonee huruma. Waulize pia watu wameshajaribu nini kuhusu jambo hilo na kwa nini hakikufaa, maana mpishi wa shule, mlinzi na matroni wanaishi na matatizo ya shule kila siku na mara nyingi wamekwisha kujaribu njia ambazo mwanafunzi anadhani ni mpya.

Inapofika zamu ya kutoa mawazo, usiwaweke moja kwa moja katika makundi. Kila mmoja aandike kwanza mawazo yake peke yake, kimya, kisha ndipo wayaweke mezani. Ukianza na mjadala, mwenyekiti wa kundi au yule mwenye sauti atatoa wazo moja, na wengine watalipamba badala ya kuleta lao. Wasichana katika shule mchanganyiko ndio hupotea zaidi kwa njia hiyo. Jambo jingine ambalo baadhi ya wakuu wa shule hawalipendi: katika hatua hii waache wazungumze Kiswahili, hata kama somo linafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto anayehangaika kutafuta msamiati hawezi wakati huo huo kuhangaika na wazo, na atachagua wazo analoweza kulitamka badala ya wazo alilonalo. Ripoti ya mwisho iandikwe kwa lugha ya mtihani. Hapo hakuna ubaya.

Jambo linalohitaji nidhamu kubwa kuliko yote ni namna mwalimu anavyolipokea jibu au swali asilolitarajia. Tunawaambia watoto kwamba kuuliza si ujinga, kisha wakiuliza tunacheka. Kisa cha Erasto Mpemba kinapaswa kujulikana na kila mwalimu wa sayansi wa Tanzania. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingizwe kwenye friza. Siku moja alipoona nafasi ya friza inakwisha, aliyaweka yake yakiwa ya moto, na baadaye akakuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wanafunzi wenzake wakaifanya kauli hiyo kuwa mzaha. Hakunyamaza. Alipokuja mgeni, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alimuuliza swali lile lile mbele ya watu. Osborne hakuwa na jibu, lakini alirudi chuoni akaagiza lifanyiwe jaribio, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja. Hadi leo dai hilo, kwamba kimiminika cha moto huweza kuganda kabla ya cha baridi, huitwa athari ya Mpemba, na wanasayansi bado wanabishana: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walitoa makala wakidai kwamba hawakuona ushahidi wa kuridhisha wa kuwapo kwake.

Ubishi huo ndio unaonifanya nikitumie kisa hiki darasani badala ya visa vya mashujaa waliothibitishwa kuwa sahihi. Thamani ya swali la Mpemba haikutegemea kama alikuwa sahihi. Ilitegemea kwamba lilipimika kwa vyombo viwili vya maji na jokofu, na kwamba walimu wawili waliokuwa na uwezo wa kupima walichagua kukataa, ilhali wa tatu alichagua kupima. Jizoeze basi kujibu kila dai la ajabu kwa neno moja: tutajuaje? Likitamkwa bila kejeli, linamhamisha mwanafunzi kutoka kwenye kujitetea hadi kwenye kupanga jaribio, na linakuokoa wewe pia, kwa kuwa hulazimiki kuwa na jibu.

Baada ya hapo vijana wajenge, na wajenge kwa vitu hafifu. Mfano wa majaribio uliotengenezwa kwa chupa tupu, waya na boksi una faida moja kubwa: hakuna anayeona uchungu kuuvunja. Nimeona makundi yaliyopewa fedha na wafadhili yakinunua vifaa vizuri siku ya kwanza, kisha yakitetea wazo baya kwa muhula mzima kwa sababu limegharimu. Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa Kitengela, jirani na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alikuwa na ng'ombe wa familia wa kulinda dhidi ya simba. Alijaribu moto, akaona unawasaidia simba kuona zizi. Akajaribu kinyago cha mtu, na simba wakazoea mara moja. Kisha akagundua kwamba usiku anapotembea na tochi simba hawalisogelei zizi, akaelewa kwamba wanaogopa mwanga unaosogea, na kwa betri kuukuu ya gari, paneli ya jua na kifaa cha indiketa ya pikipiki akatengeneza taa zinazomulika kwa zamu kuzunguka zizi. Zile njia mbili zilizoshindwa zilimfundisha mahali pa kutazama, na zilikuwa rahisi kuachwa kwa sababu hazikumgharimu kitu.

Walimu wenzangu wataniuliza: darasa la wanafunzi 80, mada za mtihani wa taifa hazijakwisha, muda wa haya utoke wapi? Sina jibu la kuwafurahisha wote. Vidato vya pili na vya nne niliviacha, kwa kuwa mzigo wa mitihani ya taifa si wa kubezwa. Kidato cha kwanza na cha tatu vinatosha, kwa kipindi kimoja cha wiki au muda wa klabu. Makundi yawe ya watu watano, kila kundi na katibu wake, na daftari moja la majaribio linaloandikwa tarehe, kilichofanyika, kilichotarajiwa na kilichotokea. Daftari hilo ndilo ninalosahihisha. Jaribio lililoshindwa na kuandikwa vizuri hupata alama sawa na lililofaulu, na hilo liseme mapema, maana wakidhani alama ziko kwenye kifaa kinachong'aa watapika takwimu.

Siku ya kuwasilisha, weka miongoni mwa majaji mwenye tatizo mwenyewe. Kama kazi inahusu jiko na kuni, mpishi aketi mbele pamoja na mkuu wa shule, na swali lake lipewe uzito sawa. Wapishi huuliza mambo ambayo sisi wenye shahada huyasahau: hiki kikiharibika nani atakitengeneza, na vipuri vyake vinauzwa duka gani? Kundi lisilo na jibu hurudi na kazi yake hadi muhula unaofuata, na alama za daftari hazipunguzwi.