Jibu: Dunia ya mchezo wangu inafanana na Ulaya, nianzie wapi?

Ndugu yangu, umesema mashujaa wako umewapa majina ya Kiha, lakini dunia yenyewe bado ni theluji na ngome za mawe. Majina yaache kwanza. Anza na chakula: watu wanakula nini, nani anakitafuta, saa ngapi?

Mchezo wetu hapa Kigoma ulianza na dagaa. Katika Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, kukiwa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, mitumbwi mingi inapumzika. Hapo peke yake tulipata kalenda, siku za njaa na siku za madeni. Tukaongeza letu: usiku wa mbalamwezi ndipo viumbe wa kilindini hupanda, na ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, kwa hiyo kuna nafasi ya kutosha kwa viumbe! Mchezaji akitaka kuvuka usiku huo hapati wa kumvusha, labda awe na mtani mwenye mtumbwi. Utani uwekee kanuni zake. Mtani humwambia mfalme maneno ambayo mwingine angeuawa kwayo.

Kuhusu watawala, soma habari za Mtemi Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi. Mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, na biashara ikayumba. Mfalme wako mpe njia ya kulinda, pamoja na watu wanaoihitaji njia hiyo.