Kwa wadogo zangu mnaoanza kununua mzigo China

Kila msimu wa maonyesho ya biashara ya Canton (Guangzhou) namwona mgeni mwingine akirudia makosa yaleyale. Safari hii nayaandika.

1. Nyundo na mundu getini, alama ya Chama cha Kikomunisti cha China, si dalili kwamba kiwanda ni cha serikali. Kijana mmoja aliiona alama hiyo kwenye kiwanda cha vigae Foshan, akatulia kabisa. Akalipa advansi ya asilimia 30 bila kukagua leseni, akiamini mzigo ukiwa mbovu serikali itamfidia. Vigae vilifika Dar vikiwa daraja la pili, naye akaanza kumtafuta katibu wa chama! Jamani, katiba ya chama hicho inataka popote penye wanachama watatu au zaidi kuwe na tawi, na sheria ya kampuni inamtaka mwenye kampuni aliwezeshe. Wazee wetu waliofanya kazi viwandani enzi za TANU wanayajua matawi ya kazini. Katibu yule alikuwa ofisa utumishi tu. Mali ni ya bosi na mkewe. Leseni ingemwonyesha kijana hayo: kuna mstari wa aina ya kampuni, na wenye hisa wakiwa watu binafsi huandikwa hapo. Nilikaa naye usiku kucha tukipitia mkataba, hatukupata kifungu hata kimoja cha kumwokoa. Iliniuma, maana mtaji ule ulikuwa wa mama yake.

2. Jina la akaunti ya benki mnayoilipa lifanane na la leseni. Basi.

3. Msiruke upande wa pili mkadai chama ni pambo. Mwaka 2001 Jiang Zemin, kiongozi wa chama wakati huo, aliwafungulia wafanyabiashara mlango wa uanachama, na leo sekta binafsi inatoa zaidi ya asilimia 60 ya pato la taifa na asilimia 80 ya ajira mijini. Lakini mtaji unaruhusiwa ukienda kinakoelekea chama. Jack Ma, mwanzilishi wa Alibaba, ni mwanachama, na bado Novemba 2020 Ant Group, kampuni yake ya huduma za fedha, ilizuiwa kuuza hisa siku mbili kabla ya kuingia sokoni. Julai 2021 kampuni za tuisheni za masomo ya shule zikaambiwa zisitengeneze faida. Februari 2025 Xi Jinping akakaa na matajiri, Ma akiwemo, na Mei sheria ya kukuza sekta binafsi ikaanza kutumika. Mabosi wa viwanda wanafuatilia haya kwa makini, kwa sababu mkopo wa benki na kiwanja hufuata mpango wa serikali wa miaka mitano.

4. Kwa hiyo muulize bosi sekta yake inasukumwa mbele au inabanwa. Kiwanda kinachochafua mazingira kinaweza kufungwa oda yako ikiwa bado mashineni. Akisitasita kujibu, gawa oda kwa viwanda viwili.