Marathon ya Boston Jumatatu, ya London Jumapili inayofuata: inawezekana?

Mkuu inawezekana, kuna watu wanazipiga zote mbili Aprili, ila kutafuta muda mzuri wa kumaliza kote kote sahau. Boston ndo ukimbie kwa nguvu, London nenda kashangae mji. Kule Boston watu wanaogopa ile milima ya Newton mpaka Heartbreak Hill, kilima cha mwisho, kumbe kinachowamaliza ni mteremko wa mwanzo kutoka Hopkinton mbio zinapoanzia, unaachia miguu unajiona bingwa halafu Jumatano ngazi unashuka kinyumenyume umeshika ukuta, mapaja yamekatika. Kwa hiyo zile kilomita za mwanzo jibane hata wakikupita wazee. Jumanne na Jumatano usikimbie kabisa, tembea, lala, kula wali na viazi usijihurumie (diet utaendelea nayo ukirudi), kwenye ndege uwe unasimama. Ijumaa jog dakika 20 tu uone. Maumivu ya miguu yote miwili ni kawaida, ila ukichechemea mguu mmoja London iache, na mkojo ukiwa mweusi kama Coca-Cola wahi hospitali siku hiyo hiyo. Alafu ibuprofen (ile dawa ya maumivu) kabla ya mbio usiguse, mwili umekauka maji unazionea figo tu.