Sikiliza Mashine, Nusa Kopo

Watu hudhani mwonyesha sinema amezitazama filamu zote alizoonyesha. Mimi nyingi nazijua kwa sauti tu, na kwa kona ya juu kulia ya skrini, nilikokuwa nikivizia kidoa, alama inayoonya kwamba mkanda unakaribia kwisha. Rili ya mkanda ya futi 2,000 huisha kwa dakika 22 hivi. Kidoa cha kwanza kikitokea unawasha mota ya mashine ya pili, iliyokwisha kutiwa rili inayofuata. Kikija cha pili, sekunde 7 hivi baadaye, unahamishia picha kwenye mashine hiyo. Ukipiga chafya hapo katikati, ukumbi mzima utajua.

Wewe unayeanza, shika kwanza habari ya vitanzi, yaani mikunjo ya mkanda inayoachwa ilegee ndani ya mashine. Mbele ya taa mkanda husonga kwa kushtukashtuka, fremu 24 kila sekunde, ila kisoma sauti kinautaka upite laini bila kusita. Kitanzi cha chini, kati ya taa na kisoma sauti, ndicho kinachozipatanisha tabia hizo mbili. Usiku mmoja nilikiacha kikubwa kupita kiasi: waigizaji wakafumba midomo, maneno yakafuata. Kitanzi kikipotea, mlio wa mashine hugeuka na kuwa wa kukereza. Zima mota kabla hujainua macho. Na mkanda wa polyesta, plastiki ngumu, haukatiki kirahisi. Ukikwama, kinachovunjika ni mashine.

Taa ya zenoni, inayomulika picha, usiikaribie bila kinga ya uso, hata ikiwa imepoa. Gesi iliyomo imeshindiliwa, na taa yaweza kupasuka. Hilo sina mzaha nalo.

Kukusanya filamu, kwa upande wake, ni kazi ya pua. Kabla hujalipa, fungua kopo la mkanda unuse. Harufu ya siki maana yake asetati, plastiki ya mkanda wenyewe, imeanza kuoza, na asidi inayotoka huharakisha uozo wa mkanda huo na wa majirani zake. Utenge. Usiufungie kwenye kopo lisilopitisha hewa. Uweke pakavu, penye ubaridi. Rangi zikishafifia ukabaki wekundu mtupu, hazirudi kwa kuoshwa, muuzaji aseme atakavyo. Mkanda wa milimita 35 wa kabla ya miaka ya 1950 ushuku kuwa ni naitreti, plastiki ya kale ya mikanda, ambayo ikishika moto huwaka hata ndani ya maji. Usiutie kwenye mashine wala usilale nao nyumba moja. Wapigie watu wa hifadhi ya filamu.

Kopo langu la kwanza kununua limeanza kunuka mwaka huu. Nimelihamishia chumba kingine, peke yake, na kila wiki naenda kulinusa.