Bustani za Burudani Ugenini: Hesabu Huharibikia Mezani na Kitandani

Kila ninapoombwa ushauri na mtu anayetaka kupeleka biashara ya burudani nje ya nchi yake, mimi niliyezeekea katika kazi ya hoteli humwelekeza kwa Disney, kampuni ya Marekani yenye bustani za burudani katika nchi kadhaa. Wengi hudhani kwamba wenyeji huikataa tu bidhaa isiyolingana na utamaduni wao. Dhana hiyo naikubali nusu.

Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa Aprili 1983, ilifuata kwa karibu sana mfano wa Marekani, kwa kuwa Wajapani wenyewe walitaka hivyo. Badiliko lililo dhahiri ni paa la kioo juu ya mtaa wa maduka, la kuwakinga wageni na mvua. Mmiliki alikuwa kampuni ya Kijapani, Oriental Land, nayo Disney ikapokea mrabaha, yaani malipo ya kutumiwa kwa jina na ubunifu wake, kwa hiyo hatari ya mtaji ilibebwa na watu waliolijua soko lao.

Mafanikio hayo yaliwatia Wamarekani tamaa. Huko Marne-la-Vallée, mashariki mwa Paris, walikofungua bustani nyingine Aprili 1992, walichukua asilimia 49 ya hisa, na mradi ukajenga hoteli sita zenye vyumba zaidi ya 5,000 kwa mikopo mikubwa. Magazeti yalishupalia marufuku ya mvinyo ndani ya bustani, iliyolegezwa mwaka 1993, lakini wageni walikuja kwa mamilioni. Walichokosa kufanya ni kulala. Wazazi wa Ulaya hawakuwa tayari kuwatoa watoto shuleni kwa ajili ya matembezi, na familia nyingi zilifika asubuhi zikaondoka jioni, huku riba ikihesabiwa usiku na mchana. Hata kiamshakinywa kilikosewa: wapangaji waliambiwa kwamba watu wa huko hawali asubuhi, wakapunguza ukubwa wa migahawa, na ukumbi wa viti 350 ukajikuta ukihudumia watu 2,500.

Naliamini hilo bila taabu. Katika hoteli moja ya Malindi, wageni wa Kiitalia walishuka kula saa tatu usiku, saa ile ile ambayo ratiba ya meneja mpya ilitaka jiko lifungwe. Tambi zilipashwa moto mara ya pili, na lawama ikaandikwa kwa jina la mpishi.

Basi, kabla ya kuchora ramani, kaa ugenini msimu mzima, uchunguze wateja wako hula saa ngapi, shule zao hufungwa lini na usiku wanalala wapi. Kisha kopa kwa kipimo cha mwaka mbaya. Paris ililazimika kupanga upya madeni mwaka 1994, Mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa Saudi Arabia akaingia na mtaji, na faida ya kwanza ikaonekana mwaka 1995, bei ya tiketi ikiwa imeshushwa.

Huko Shanghai, China, katika bustani iliyofunguliwa mwaka 2016, Disney iliridhika na asilimia 43 ya hisa, na asilimia 57 zikabaki kwa Shendi, kundi la makampuni ya serikali. Mshirika wa namna hiyo atakupunguzia faida na kukuingilia katika maamuzi; hata hivyo ningemchagua, maadamu ardhi, barabara na reli ya kuwaleta wageni viko mikononi mwa serikali yake.