Kilomita 9,600, saa 14: hesabu imepotelea wapi?

SWALI: Programu ya simu inasema kutoka uwanja wa Heathrow, London, hadi Haneda, Tokyo ni kama kilomita 9,600. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa napata saa 10 na dakika 40. Mbona tiketi inaonyesha karibu saa 14? Tena nikipima kwa rula kwenye ramani ya ukutani, napata umbali mwingine kabisa.

JIBU: Rula iweke kando. Ramani bapa huzitanua mno nchi za kaskazini. Chukua tufe na uzi, ukaze uzi kati ya miji hiyo miwili: utauona unapanda Skandinavia na kaskazini mwa Siberia ndipo ushuke Japani. Hiyo ndiyo njia fupi, na ndiyo programu yako iliyoipima. Angalia tu kipimo, maana marubani hutumia maili ya baharini, yenye kilomita 1.852. Ukikuta 5,180, umbali ni uleule.

Sasa, uzi huo unakatiza anga ya Urusi, ambayo tangu 2022 imefungwa kwa mashirika ya ndege ya Uingereza, na ya Japani nayo yanaikwepa. Hapo ndipo saa zako zilipokwenda: ndege inazungukia kusini kupitia Uturuki, Kaukazi na Asia ya Kati, au kaskazini kupitia Greenland na Alaska. Kabla ya hapo safari ilikuwa ya saa 12 hivi.

Hata hizo 12 zinapita hesabu yako, kwa sababu saa za tiketi huanza ndege inapoondoka langoni hadi inapoegeshwa. Kwa kutambaa ardhini, kupanda na kushuka, ongeza nusu saa hadi dakika 40.

Halafu kuna upepo. Kilomita 900 ni mwendo ndani ya hewa. Huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukisukuma mgongoni kwa kilomita 100, ardhi inapita chini kwa 1,000, na ukikabili pua unabaki na 800. Ndiyo maana kuna ndege zinazotoka Tokyo kwa njia ya Alaska na kurudi kwa njia ya Asia ya Kati.

SWALI: Nikiondoka London saa 19:00 majira ya baridi, nafika lini?

JIBU: Tokyo iko mbele kwa saa 9, kwa hiyo kule ni 04:00 ya kesho yake. Ongeza 14: unatua 18:00. Ukitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika bila kurekebisha, utadhani umeruka saa 23. Majira ya joto London husogeza saa mbele, Japani haisogezi, tofauti inabaki 8 na unafika 17:00.

Na tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane. 07:00 ni saa moja asubuhi. Atakayeisoma saa saba mchana atafika uwanjani ndege ina saa sita angani.